Mwalimu Aliyehesabu Kutwanga

"Na chakula alipika nani?"

Mwalimu wetu aliniuliza swali hilo mchana mmoja, nje ya darasa la nne pale Malolo, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye mtihani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, hodari wa hesabu. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Mwalimu naye akaviangalia, kama vile jibu lingeweza kuwa huko, kisha akaenda zake kugonga kengele.

Tangu hapo nimesoma hadi chuo kikuu. Nimefundishwa na watu wenye majoho, nami nimejifunza kutia shaka karibu kila ninachoambiwa, pamoja na yale niliyoambiwa na wenye majoho. Mwalimu sijamaliza kumtilia shaka, ndiyo maana naandika habari zake. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sijui, na kila aliyewahi kumuuliza alijibiwa kwamba swali hilo halimo kwenye masomo ya mwaka huu.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na kaptura yake ya kaki ilikuwa na mikunjo iliyonyooka kila siku, ingawa hakuna aliyewahi kuona pasi nyumbani kwake. Sisi watoto tulisema anailalia. Mkewe alituambia kwamba ni kweli: anaitandaza chini ya mkeka jioni, na usiku kucha hageuki.

Saa hakuwa nayo. Alikuwa na ringi ya gurudumu la lori aliyoileta kutoka Nachingwea juu ya baiskeli, akaining'iniza kwenye mti, na hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Aliigonga pale kivuli cha mlingoti wa bendera kilipofika kwenye jiwe alilolipaka chokaa. Mawingu yakitanda, tuliingia darasani kwa kukisia na kutoka kwa njaa.

Nachingwea alikaa miezi kadhaa kabla ya kuja kwetu. Ilikuwa enzi ya mradi wa karanga, wakati Wazungu walipong'oa misitu kwa trekta ili kulima karanga za kulisha nchi yao, na yeye aliajiriwa ghalani kuhesabu vipuri. Hakuusema vibaya mradi ule. Aliusifu.

"Pale kulikuwa na hesabu nzuri sana," alituambia darasani. "Niliziona kwa macho yangu zimebandikwa ukutani. Ekari kadhaa, trekta kadhaa, karanga tani kadhaa. Hakuna hata moja iliyokosewa."

"Sasa karanga zenyewe ziko wapi, Mwalimu?" aliuliza Somoe, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja.

"Ukutani," alisema Mwalimu, akaendelea na somo.

Somo lenyewe mara nyingi halikuwa ndani ya darasa. Mwanafunzi akisimama na kusema saba mara nane ni hamsini na sita, Mwalimu alitikisa kichwa. "Huo ni wimbo," alisema. "Nionyeshe." Basi mwanafunzi alitoka nje kupanga kokoto mistari saba, kila mstari kokoto nane, huku sisi wengine tukimwangalia dirishani na jua likimwangalia kutoka juu. Shule ya Nkowe walikuwa wamemaliza kitabu cha hesabu kabla ya mavuno. Sisi, ufuta ulipokuwa unakatwa, tulikuwa bado kwenye kokoto.

Kuhusu fimbo, alikuwa na utaratibu wake. Kosa alilisamehe. Jibu sahihi ambalo mwenyewe hawezi kulieleza alilichapa. Mimi nilichapwa kuliko wote, kwa kuwa majibu yalinijia upesi na maelezo yalichelewa njiani. Niliona huo ni uonevu, na hata leo sijabadili mawazo.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Kimwera, lugha yetu ya nyumbani, kilikatazwa shuleni, na aliyekamatwa akikisema alifagia uwanja. Lakini tulipofika kwenye sehemu, nusu na robo na thuluthi, na akaona macho yetu yamelala, Mwalimu alifunga mlango na kutufundisha kwa Kimwera mpaka tukaelewa. Kisha alifungua mlango, akachukua ufagio na kufagia uwanja mwenyewe. Wazazi waliopita walidhani ana wasiwasi na usafi.

Sasa nieleze habari ya mtihani. Shule yetu ilikuwa na darasa la kwanza mpaka la nne. Aliyefaulu mtihani wa darasa la nne alikwenda shule ya kati, ya bweni. Asiyefaulu alirudi kwao akiwa anajua kusoma, ujuzi ambao kijijini ulitumika kusoma maandishi ya kwenye magunia. Baba yangu alinieleza jambo hilo kwa utulivu. "Ukifaulu utakwenda," alisema. "Ukifeli tutaangalia mambo mengine." Mambo mengine nilikuwa nimekwisha kuyaona. Yalikuwa na duka Ruangwa, wake wawili, na kikohozi. Somoe naye aliambiwa hivyo hivyo na baba yake, na tulipolinganisha habari tuligundua kwamba mambo mengine yetu yalikuwa ni mtu mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka ule alikuja mkaguzi wa shule kwa pikipiki. Alikuwa kijana nadhifu, na hakuwa mtu mbaya. Darasa letu lilikuwa na madirisha yasiyo na mbao, kwa hiyo mazungumzo yao ya nje tuliyasikia sote.

"Mwaka jana alifaulu mmoja, Mwalimu."

"Ndiyo, bwana. Lakini yule mmoja anajua."

"Na wale wengine?"

"Nao wanajua."

"Mtihani hausemi hivyo."

"Mtihani haukuwauliza wanachojua, bwana."

Mkaguzi alifunga daftari lake. Kisha akasema kwamba darasa la nne lina gharama. Mwaka huu wasipofaulu watoto watano, darasa litahamishiwa Nkowe, na Mwalimu atapelekwa kufundisha darasa la kwanza popote patakapokuwa na nafasi. Alimwachia bunda la mitihani ya zamani, akamshauri atufanyishe hiyo kila siku mpaka ituingie.

Nkowe kwa mtoto wa kike kutoka kwetu ilikuwa sawa na kuambiwa hakuna shule. Hakuna baba ambaye angemruhusu binti kutembea mwendo mrefu kama ule asubuhi na jioni. Mwalimu alilijua hilo. Kesho yake aligawa mitihani ile, na kwa wiki nzima alitufundisha kama mtu anayemeza dawa. Tuliimba majibu mpaka kijiji kizima kikafurahi. Baba alipita akasimama kusikiliza, akasema kwamba sasa shule imekuwa shule.

Wiki ya pili Mwalimu alimuuliza Somoe kwa nini jibu la hesabu fulani ni kumi na nane.

"Kwa sababu mwaka jana lilikuwa kumi na nane," alijibu Somoe.

Mwalimu hakumchapa. Alikusanya karatasi zote akazirudisha kwenye sanduku la chaki, akatuambia tuchukue majembe.

Somo la majembe ndilo lililoleta yote. Mwalimu alipima vipande viwili vya shamba la shule, sawa kwa sawa, kwa kamba. Kipande cha kwanza alimpa jirani yake mmoja alime peke yake, na jirani yule alimaliza kwa siku nne. Cha pili kilikuwa cha watu wanne. Sasa swali lilikuwa watu wanne watatumia muda gani. Nilijibu pale pale: siku moja.

"Wanne hao unawapata wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Unawaalika."

"Unawaalika kwa mdomo mtupu?"

Darasa zima lilicheka. Kwetu humwaliki mtu kulima shamba lako bila kumlisha, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Na chakula cha wageni wa jembe hakipikwi asubuhi ile ile, maana wanafika umande ungalipo na wanataka kukuta tayari. Kwa hiyo siku ya kwanza Mwalimu alitutuma sisi wasichana tukatwanga mtama, tukapepeta, tukateka maji, tukachambua kunde. Siku ya pili wanaume wanne walikuja, wakalima, wakala, wakamaliza kipande chote kabla kivuli hakijafika kwenye jiwe. Mwalimu alituandikisha kwenye daftari: siku mbili, moja ya kutwanga na moja ya kulima.

"Kutwanga nako ni kazi ya shamba?" aliuliza mvulana mmoja.

"Kaulize mikono ya wale," alisema Mwalimu, akatuonyesha sisi.

Jambo hilo nililikumbuka sana nilipokuwa chuo kikuu. Nimesoma vitabu vinene vya wataalamu wanaohesabu kazi, na sikuona hata mmoja aliyehesabu kutwanga. Mwalimu wa Malolo alikuwa amekuhesabu. Hata hivyo haikumpitia akilini kwamba wavulana nao wangeweza kushika mchi. Nilimuuliza. Alisema, "Mama zao wangekuja hapa." Nadhani aliogopa mama zao kuliko mkaguzi.

Baba yangu yeye alikuja kweli. Alimkuta Mwalimu chini ya ringi yake.

"Mwalimu, watoto hatukuwaleta hapa walime. Kulima tunajua."

"Najua mnajua, mzee. Shamba lako la juu unalilima kwa siku ngapi?"

"Mpaka liishe," alisema baba.

Mwalimu alikubali kwamba jibu hilo halina kosa. Walipeana mikono wakaachana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameelewa.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka shule nyingine, maana mwalimu hakuruhusiwa kukaa na watoto wake. Mwalimu alikaa upande wa pili wa uwanja, akitupa kisogo kama alivyoagizwa. Katikati ya karatasi ya hesabu nilikuta hili: mtu mmoja analima shamba kwa siku nne, watu wanne watalima shamba hilo kwa siku ngapi? Onyesha njia.

Nilisikia kalamu ya Somoe inakimbia. Karibu wote walikuwa wanaandika kwa furaha, maana hili tulikuwa tumelilima. Mimi nilisimamisha kalamu. Nilijiuliza anayeuliza ni nani. Niliona ni mtu wa mbali, mwenye meza, ambaye hajawahi kualika mtu kulima wala kualikwa. Mtu huyo anataka nne igawanywe kwa nne. Niliandika siku moja, nikaendelea. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa. Nilikuwa nakimbia kikohozi cha Ruangwa.

Wenzangu waliambiwa waonyeshe njia, nao wakaionyesha. Waliandika kuhusu mtama, kunde na maji ya kuteka. Somoe alichora kinu. Muda ulipokwisha, hesabu za chini zilikuwa bado hazijaguswa.

Tulipotoka, Mwalimu alituita akauliza mtihani ulikuwaje. Watoto walimzunguka wakamwambia kwa pamoja, kuna hesabu ya kulima, Mwalimu, watu wanne, na sisi tumeandika siku mbili.

Mwalimu alicheka. Tulikuwa naye miaka minne na hatukuwahi kumwona akicheka namna ile. Alishika kiuno, akamgusa Somoe kichwani, akauliza tena ili asikie mara ya pili. "Watu wanne? Shamba moja? Mmeandika mbili, wote?"

"Wote," walisema. Kisha Somoe, ambaye hakujua kusema uongo hata pale uongo unapofaa, akasema, "Isipokuwa huyu."

Mwalimu alinigeukia. "Wewe umeandika ngapi?"

"Moja."

Kicheko kilimwisha taratibu. Hapo ndipo aliponiuliza chakula alipika nani.

Majibu yalipokuja tulikuwa tumefaulu wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili alikuwa mvulana mvivu ambaye, kwa kawaida yake, aliruka kila hesabu ya maneno, ile ya kulima ikiwamo, bila kumwambia mtu, hivyo akapata muda wa kutosha kwa zilizobaki. Darasa la nne lilihamishiwa Nkowe kama mkaguzi alivyoahidi. Mwalimu alipelekwa Lionja, upande wa Nachingwea, kufundisha darasa la kwanza. Yale mambo mengine ya Ruangwa, yaliponikosa mimi, yalimwoa Somoe.

Kabla hajahama, Mwalimu alinifungia sanduku langu kwenye baiskeli yake akanisindikiza mpaka Ruangwa kupanda lori. Aliisukuma baiskeli njia nzima, nami nilitembea nyuma yake. Karibu na mji nilipata ujasiri.

"Mwalimu, nilikosea?"

"Umefaulu."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua hukuuliza hivyo," alisema. Akapandisha sanduku kwenye lori, akamwambia utingo asiliweke chini ya magunia, na akasimama pale mpaka lori likaondoka. Mtu aliyekuwa akiudharau mtihani alinipakilia sanduku kwenye lori la mtihani kwa mikono yake miwili. Nimelifikiria hilo mara nyingi bila kufika popote.

Nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na nilikuwa nimepita Ruangwa kumwona Somoe. Alikuwa nyuma ya duka na mtoto mgongoni, anatwanga. Aliniuliza habari za masomo, nami nilizifupisha. Aliniambia kwamba anamfundisha mtoto wake wa kwanza kuhesabu kwa kokoto, na mumewe analalamika kwamba nyumba imejaa mawe.

Kutoka pale nilipanda gari la mizigo hadi Lionja nikiwa na hasira niliyoipanga vizuri. Nilimkuta Mwalimu uwanjani na watoto wa darasa la kwanza. Kaptura ilikuwa ile ile, au ndugu yake. Alinikaribisha kwenye benchi, akaagiza maji ya kunywa, akaniuliza chuoni watu wanapimwa kwa kitu gani.

"Kwa mtihani," nilisema.

"Ala. Hata huko."

Nikamweleza nilichokuja kusema. Kwamba nimesoma nadharia za elimu na zinamuunga mkono yeye, karibu neno kwa neno. Kwamba hilo halimsaidii Somoe. Kwamba angetufundisha jibu lao, hata kama si la kweli, hata kwa kuimba, Somoe angekaa na mimi bweni badala ya kukaa na kikohozi.

Hakukataa. Alimwangalia mtoto mmoja aliyekuwa akipanga kokoto vibaya, akamwacha apange vibaya.

"Somoe namjua alipo," alisema. "Kila nikienda Ruangwa napita pale dukani. Nanunua chumvi. Nyumbani tuna chumvi nyingi sana."

Sikuwa nimejiandaa kwa chumvi. Nilinywa maji. Kisha nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu utoto. "Siku ile ya mtihani, Mwalimu. Tulipokwambia wote wameandika mbili. Ulicheka nini?"

"Nilicheka?"

"Ulicheka sana."

"Nilidhani mmefaulu wote," alisema.

Nilimhurumia, na huruma ilinituliza hasira. Niliondoka Lionja nikijiambia kwamba sasa nimempata: mtu mwema, mwenye akili, ambaye alikuwa haijui dunia hata kidogo. Mtu mzima aliyedhani kwamba ofisi ya elimu ingekubali siku mbili. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumweka kwenye insha yangu ya chuo, sehemu ya walimu wasioelewa mfumo.

Mwaka jana nilianza kazi kwenye ofisi ya elimu, Mtwara. Yupo karani mmoja mzee ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyepiga taipu mitihani ya darasa la nne ya jimbo zima. Siku moja, wakati wa chai, nilimtajia hesabu ile ya watu wanne ili tucheke. Aliikumbuka mara moja. Alisema mwaka ule mkubwa wake alitaka hesabu zinazohusu maisha ya vijijini, akawaagiza walimu wa shule zote walete, kila mmoja hesabu yake pamoja na jibu. Nyingi hazikufaa. Ile ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa fupi. Ililetwa na mwalimu wa Malolo, na jibu alilolitaja lilikuwa siku mbili. Mkubwa alisema mwalimu huyu hajui kugawanya, akamwamuru karani aache swali kama lilivyo, ila jibu aweke siku moja.